Mtaji wa Berry Gordy ulitoka kwa ndugu zake

Kuna kaka kasema eti Berry Gordy, mwanzilishi wa lebo ya muziki ya Motown, aliwekewa hela na tajiri. Hapana kaka, jamaa alianza biashara hiyo 1959 kwa dola 800 alizokopa kwenye mfuko wa familia yao hapo hapo Detroit, Marekani. Kabla ya hapo alishapigana ndondi, akafungua duka la santuri za jazz likafa, akaenda kiwandani kuunganisha magari ya Lincoln-Mercury na ndo huko alikopata wazo, gari linaingia chuma tupu linatoka limekamilika, akataka na msanii apitishwe hivyo hivyo, huku anaandikiwa nyimbo, huku anafundishwa kucheza, hadi namna ya kutembea na kuongea na watu. Studio yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida tu.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni haki za utunzi. Lebo aliiuza 1988 kwa dola milioni 61, lakini Jobete, kampuni iliyoshika haki za nyimbo zenyewe, akabaki nayo, halafu 1997 EMI, kampuni kubwa ya muziki ya Uingereza, wakanunua nusu yake tu kwa dola milioni 132, yani nusu ya makaratasi ya haki za nyimbo ikazidi mara mbili bei ya lebo nzima!