Kazi Imeyumba na Kamari Imekushika: Anza na Njia za Pesa

Wiki hii nimepokea ujumbe wa msomaji aliyepunguzwa kazini. Alilipwa stahiki zake, sehemu kubwa imeshaishia kwenye kubeti, na swali lake ni moja: kilichobaki akiweke kwa mtindo gani ili arudishe kilichokwenda kabla mkewe hajajua. Namjibu hapa kwa sababu wanaouliza hivyo ni wengi. Yumo aliyenyimwa cheo, aliyemaliza mkataba bila kuongezewa, anayedai mishahara ya miezi kadhaa. Ndugu yangu, hakuna mtindo. Hiyo pesa iliyobaki haina kazi ya kurudisha kitu. Inatakiwa itoke mikononi mwako leo, kabla hujalala.

Najua utasema tatizo lako ni uchambuzi, kwamba ukituliza akili utapatia. Basi tupige hesabu. Mechi yenye pande mbili zilizo sawa kabisa ingestahili odi (idadi ya mara ambazo dau lako huzidishwa ukipatia) ya 2.00 kila upande. Kampuni inaweka 1.90. Kwa wastani, kila 100 unayoweka inarudi 95. Unganisha mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja inayolipa tu ukipatia mechi zote: uwezekano wa kupatia zote ni 1 kati ya 1,024, na malipo yake ni kama mara 613 ya dau. Zidisha uone, kila 100 imebaki chini kidogo ya 60. Kila mechi unayoongeza inatozwa upya ule ushuru wa kampuni, ndiyo maana bonasi zao nyingi hutolewa kwa mikeka mirefu.

Michezo ya haraka ni mibaya zaidi, ile ya ndege inayopaa na kukatika ghafla. Chukua mchezo unaorudisha 97 kwa kila 100, kiwango kinachosikika kizuri. Raundi moja ikichukua sekunde 15, saa moja ina raundi 240. Ukiweka 100 kila raundi, matarajio ya hesabu ni kuacha 720 kila saa. Kinachokumaliza hapo ni kasi, hata kama kila dau unaliona dogo.

Wapo pia wanaoongeza dau mara mbili kila wakipoteza. Mtu anaanza na 10. Akipoteza mara nane mfululizo ameshatoa 2,550, na dau la tisa ni 2,560, yote hayo ili abaki na faida ya 10. Kupoteza mara nane mfululizo hutokea. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kazino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakawa wanazidi kumwaga pesa kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Mpira hauna kumbukumbu ya ulikoangukia.

Na hawa wanaouza mikeka ya uhakika, tafadhali. Mtu mwenye namba za simu 3,200 anatuma nusu yao "timu hii inashinda" na nusu nyingine "inapoteza". Kesho anaendelea na ile nusu aliyoipatia tu. Baada ya mara tano wamebaki watu 100 ambao hawajawahi kumwona akikosea. Hao ndio anaowatoza. Kama umeshamlipa mtu wa namna hiyo, usimfuate kudai. Mzuie namba uendelee na yaliyo mbele.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hapo ndipo wengi hawaangalii. Ajira ikiondoka haiondoki na mshahara peke yake. Inaondoka na saa ya kuamka, na mtu wa kukuuliza umefikia wapi, na ile hali ya kujiona una jambo unalolijua. Kubeti kunakalia nafasi zote hizo. Kuna ratiba ya mechi, kuna uchambuzi, kuna kundi la kubishana nalo, kuna malipo ya kusubiri. Ndiyo maana aliyepoteza kazi hubeti kwa bidii kuliko alivyobeti akiwa nayo, na dau akaanza kuliita mtaji.

Chukua siku ya barua pepe ya kukataliwa. Imeingia saa nne asubuhi: "Tunasikitika kukujulisha..." Hujamaliza kuisoma umeshaifunga. Kidole kimekwenda chenyewe kwenye programu ya kubeti, na katika zile dakika za kuchagua mechi, fedheha inatulia. Hujashinda kitu, hata dau hujaweka. Imetulia kwa sababu umepata jambo lingine la kutarajia. Jioni mkeka wa mechi nane unachanika kwa mechi moja, na badala ya kuona umepoteza unajiona ulikaribia. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani, kwa panya na njiwa, kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio hufanya tendo liendelee kwa muda mrefu hata zawadi zikikoma. Binadamu hana kinga ya pekee dhidi ya jambo hilo, na elimu yako haikuongezei kinga.

Kwa hiyo sikwambii ukaze moyo. Nakwambia ufunge njia, na mpangilio wa kufunga una maana yake.

Wengi huanza kwa kufuta programu kwenye simu. Kuirudisha ni suala la dakika mbili, tena ukiirudisha unakuta salio lako linakusubiri. Anza na salio: toa chote kilichopo kwenye kila akaunti ya kubeti. Mikeka ambayo haijaisha iache ilivyo, usiisubiri. Kisha omba kufungiwa, na hapa soma vizuri unachobofya. Kufunga akaunti kwa kawaida kunakuruhusu kuifungua tena ukitaka. Kujifungia kwa hiari kunaizuia kampuni kukupokea kwa muda wote uliochagua. Chagua muda mrefu kuliko yote waliyonayo. Fanya hivyo kwa kila kampuni uliyowahi kujisajili, hata ile uliyoingia mara moja kwa ajili ya bonasi, kwa maandishi, na utunze nakala. Waambie pia wakuondoe kwenye orodha ya ujumbe wa matangazo, kwa sababu ujumbe wa "dau la bure" hupenda kufika wakati umekaa kimya siku kadhaa.

Baada ya hapo weka programu ya kuzuia tovuti za kamari. BetBlocker inapatikana bure, Gamban ni ya kulipia. Iweke kwenye simu, kompyuta na ile simu ya zamani iliyo kabatini, na palipo na namba ya siri aiweke mtu mwingine. Ondoa kadi zote ulizohifadhi kwenye tovuti. Uliza benki yako kama ina uwezo wa kuzuia malipo ya kamari. Malipo ya kadi kwenye kamari hutambulishwa kwa namba 7995, na baadhi ya benki huweza kuikataa. Mwisho kabisa ndipo ufute programu za kubeti na kutoka kwenye makundi ya mikeka.

Kizuizi chochote kati ya hivyo kinarukika. Vikiwa vinne au vitano, vinakununulia muda, na muda ndio unaoutaka. Hamu ya kubeti hupanda, ikafika kilele, ikashuka, na mara nyingi haivuki nusu saa ukiiacha bila kuilisha. Ikikupata, toka ulipo, acha simu ndani, mpigie mtu kwa simu ya mwingine au tembea. Kisha andika mistari mitatu: saa, kilichotangulia, ulichokuwa unahisi. Baada ya wiki mbili ukurasa utaonyesha saa zako za hatari. Kwa watu wengi ni usiku wakiwa peke yao, siku pesa inapoingia, na ile saa ya kwanza baada ya kukataliwa kazi. Ukishazijua, soma barua pepe za maombi ya kazi mara moja tu kwa siku, saa ambayo hauko peke yako.

Kuhusu kiinua mgongo au pesa yoyote ya mwisho, iende kwenye akaunti inayohitaji sahihi mbili, au kwa mtu unayemwamini asiyebeti, awe mshika pesa wako. Kodi na ada zilipwe moja kwa moja kutoka huko. Wewe upewe matumizi ya wiki, taslimu, na urudi na maelezo ya yalivyotumika. Inaudhi mtu mzima kupewa posho, sikatai. Upe tarehe huo mpango, tuseme miezi sita, halafu mkae muuangalie upya.

Madeni yaandike yote kwenye karatasi moja: nani, kiasi, riba, tarehe, na nini kinatokea usipolipa. Usiyapange kwa anayepiga kelele zaidi. Yanayotangulia ni yale yanayoweza kukuondoa kwenye nyumba, kukukatia umeme au kuchukua dhamana. Wapigie wanaokudai kabla ya tarehe kufika, ukiwa na kiasi kidogo unachoweza kulipa kila mwezi bila kukosa. Usichukue mkopo mpya wa kuunganisha madeni wakati bado unabeti. Jamaa nao waelewe hili: kumlipia mcheza kamari madeni yote kwa mkupuo kunamfungulia tena milango ya kukopa. Anayetaka kusaidia alipe kodi au chakula, asimkabidhi pesa.

Mwenzi wako mwambie kiasi chote, mara moja, ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Watu husema nusu ili kupunguza maumivu, na ile nusu ya pili ikigundulika ndiyo huvunja nyumba. Atakasirika. Ana haki hiyo, usimjibu kwa kumweleza odi.

Kama ulichukua pesa ya ofisini ukijiambia umeiazima, acha kujaribu kuirudisha kwa kubeti, maana kila dau linakuza shtaka. Muone mwanasheria kabla hujasema lolote kwa mwajiri, ndipo mpange namna ya kukiri na kulipa.

Uraibu huu unatambulika kitabibu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, uliuhamishia kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Una dalili tisa, zikiwemo kuongeza dau ili upate msisimko uleule, kufukuzia pesa iliyopotea, kudanganya, na kuhatarisha kazi au ndoa. Nne au zaidi ndani ya miezi 12 zinatosha kumwona mtaalamu. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia ndiyo yenye ushahidi mkubwa. Dawa iitwayo naltreksoni nayo madaktari wengine huiandika ili kupunguza hamu, kwa hiyo uliza. Kama hamu ilianza ghafla baada ya kupewa dawa za ugonjwa wa Parkinson, mwambie daktari, maana baadhi yake huleta jambo hilo, lakini usiziache mwenyewe. Gamblers Anonymous, jumuiya ya wacheza kamari wanaosaidiana kuacha, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1957, ina mikutano ya bure, mingine kwa mtandao, na huhitaji kutaja jina lako kamili.

Na kama wazo la kujiua limeshakupitia, hiyo ni dharura. Mwambie mtu leo, nenda hospitali, usikae peke yako usiku huu. Deni hupangwa upya, huahirishwa, wakati mwingine husamehewa. Walioko nyumbani wamuulize waziwazi, kuuliza hakumpandikizii wazo, na waondoe sumu na dawa za ziada karibu naye.

Kutafuta kazi kupe saa maalumu, tuseme saa mbili hadi saa sita mchana, halafu ufunge. Kwa miezi ya mwanzo epuka kazi ya kushika pesa taslimu na kazi yoyote kwenye biashara ya kamari, hata ikilipa vizuri. Pengo kwenye wasifu wako lieleze kwa ufupi na kwa ukweli: ulikuwa unashughulikia suala la kiafya, sasa uko tayari. Huwajibiki kutoa zaidi ya hapo kwenye usaili.

Ukiteleza, usingoje kesho. Ndani ya saa 24 pesa iliyobaki iende kwa mshika pesa wako, umwambie kiasi, mtafute mlango ulioachwa wazi: laini mpya ya simu, kampuni mpya, mtu aliyekuwekea mkeka kwa jina lake. Zibeni huo.

Mara nyingi watu huteleza wanapopata mshahara wa kwanza wa kazi mpya, kwa sababu kila mtu amelegeza akidhani yameisha. Kwa hiyo siku unayosaini mkataba, mpe mwajiri akaunti ileile ya sahihi mbili. Siku tatu kabla ya mshahara kaa na mshika pesa mwandike utakavyogawanywa, kodi na madeni yakianza. Jioni ya siku unapoingia, usiwe peke yako, na simu yako ikae kwake hadi asubuhi.