Muulize Kocha: Wapokeaji wakizeeka, nani anashika nafasi?

Baada ya toleo lililopita kugusia wapokeaji wakongwe wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, yaani wale wanaokimbia na kudaka mpira unaorushwa, barua zimenijia kwa wingi. Nimechagua hizi. Wenye maswali ya makipa na mabondia, mtanivumilia hadi toleo lijalo.

Shikamoo Kocha. Mimi ni shabiki wa Los Angeles Chargers. Machi 2024 timu iliwaondoa Keenan Allen na Mike Williams ndani ya siku mbili, na jezi ya Allen ndiyo kwanza nilikuwa nimeinunua. Mwaka uliofuata wote wawili wakarudishwa! Kama walikuwa wanafaa, waliondolewa kwa nini? Na kama hawakufaa, walirudishwa kwa nini? – Mwenye Jezi Nambari 13

Marahaba, mwanangu. Jezi itunze, haikuharibika.

Kwanza pesa. NFL ina kikomo cha mishahara, na mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu, hakuna ujanja wa tajiri kuongeza mfukoni mwake. Allen na Williams kila mmoja alikuwa anakaribia kuhesabiwa zaidi ya dola milioni 30 msimu ule. Watu wawili, tena wa nafasi moja, wangekula kama robo ya fungu la timu yenye wachezaji 53. Williams alikuwa amekatika mshipa wa goti Septemba 2023. Allen ndiyo kwanza alikuwa ametoka kudaka mipira 108 kwa yadi 1,243, lakini alikuwa anaingia miaka 32. Jim Harbaugh alikuwa amekuja kuanza kazi mpya ya ukocha, na timu inayoanza upya hailipi robo ya fungu kwa goti bovu na mtu wa miaka 32, hata awe mzuri kiasi gani.

Sasa fuatilia Allen alikwenda wapi, maana hapo ndipo penye utamu. Chicago Bears walimchukua na kutoa chaguo la raundi ya nne, la 110, yaani zamu ya 110 ya kuchagua mchezaji wa chuo. Ilipofika drafti, yaani ule mgawo wa wachezaji wa vyuo wa mwishoni mwa Aprili, Chargers walikuwa wanashika chaguo la 37 na macho yao yako kwa kijana wa Georgia, Ladd McConkey. Wakahofia atanyakuliwa. Wakawapa New England Patriots lile la 37 pamoja na lile la 110 la Allen, wakapokea la 34 na la 137. La 34 likawa McConkey. Kwa hiyo Allen aliondoka akiwa ameacha kipande chake ndani ya mrithi wake. McConkey akamaliza msimu wa kwanza na mipira 82 kwa yadi 1,149, akavunja rekodi za klabu kwa mchezaji mgeni. Rekodi hizo zilikuwa za nani? Za Allen huyo huyo, tangu 2013.

Na kurudi? Allen alirudi Agosti 2025 akiwa na miaka 33, kwa mkataba wa mwaka mmoja, bei ya mtu wa kusaidia. Hakurudi kushika nafasi ya kwanza, hiyo ilikuwa na mwenyewe. Williams alisajiliwa tena Machi 2025, akastaafu Julai kabla msimu haujaanza. Mchezaji huyo huyo anaweza kuwa ghali kwa kazi ya mbele na kuwa rahisi kwa kazi ya nyuma. Mimi naona walichofanya Chargers ni sahihi mara zote mbili, ingawa najua shabiki hapendi kuambiwa hivyo.

Kocha, mbona timu zinajisumbua na watoto wa vyuo? Machi soko linafunguliwa, wapokeaji wazoefu wamejaa. Si wanunue tu? – Mpenda Njia Fupi

Jiulize kwanza ni nani anafika sokoni. Mchezaji anakuwa huru kabisa akishatimiza misimu minne na mkataba wake ukiisha. Timu yake ya zamani ndiyo inayojua goti lake, usingizi wake, na tabia yake mazoezini siku za Jumatano. Ikimwona bado ni moto itamwongezea mkataba mapema, au itamfunga kwa mwaka mmoja kwa ile haki ya kumzuia ambayo kila timu inaweza kuitumia kwa mchezaji mmoja. Anayeachwa afike sokoni mara nyingi ameachwa na watu wanaomjua kuliko wewe. Wapo wanaoponyoka kwa sababu ya pesa tu, lakini hao huuzwa siku ya kwanza kwa bei ya mnada.

New York Giants walimsajili Kenny Golladay mwaka 2021 kwa miaka minne, dola milioni 72. Alikaa misimu miwili, akapata tachidauni, yaani bao, moja. Moja, ndugu yangu.

Linganisha na Kansas City Chiefs. Machi 2022 walimpeleka Tyreek Hill Miami, wakapata chaguo tano za drafti. Miami ndiyo wakampa ule mkataba mpya wa dola milioni 120 kwa miaka minne. Chiefs wakaingia sokoni kwa upole: JuJu Smith-Schuster kwa mwaka mmoja, akadaka mipira 78 kwa yadi 933, na Marquez Valdes-Scantling wa kukimbia mbali. Wakaongeza Skyy Moore raundi ya pili. Msimu huo huo wakachukua ubingwa. Kweli, walikuwa na nyota Patrick Mahomes na Travis Kelce, na hilo halinunuliki sokoni. Lakini angalia walivyotumia soko: walinunua muda tu, ili Aprili wasifike wakihema.

Hiyo ndiyo kazi ya Machi. Timu inayoingia drafti bila mpokeaji hata mmoja wa kuaminika, kila mtu anaijua njaa yake. Wenzake wanapandisha bei, na mara nyingi inajikuta inamchukua kijana wa raundi ya tatu katika raundi ya kwanza.

Jambo jingine ambalo mashabiki hawalifuatilii. Mchezaji wako akimaliza mkataba akasajiliwa kwingine kwa pesa nzuri, ligi inaweza kukufidia chaguo la ziada mwaka unaofuata, kati ya raundi ya tatu na ya saba. Ukimfukuza kabla mkataba haujaisha, hupati kitu. Ndiyo maana kujua mapema ni lini utaachana na mkongwe kuna faida yake.

Shikamoo. Nitajuaje kwa macho yangu kwamba mpokeaji ameanza kuzeeka? Takwimu zinanichanganya. – Mwanafunzi

Marahaba. Swali zuri kuliko yote, na takwimu achana nazo, zinachelewa mwaka mzima.

Ninafundisha wapokeaji wa timu ya sekondari hapa Marekani, na zoezi ninalolirudia hadi vijana wanichukie ni la njia ya nje: unakimbia yadi 12 moja kwa moja, unavunja, unageukia mstari wa pembeni. Usitazame mbio. Tazama anavyosimama. Mpokeaji aliye na miguu anafika yadi ya 12 kwa kasi ile ile, anashusha nyonga, anapiga hatua mbili fupi, na kichwa kimeshageuka kabla mguu wa tatu haujatua. Beki bado anarudi nyuma, mpira uko njiani. Aliyeanza kuchoka anaanza kupunguza mwendo kwenye yadi ya tisa au ya kumi. Anapiga hatua nne, na ya nne ndiyo ya kuchunga: beki ameshaisoma, mkono wake unafika mpira unapofika. Televisheni inaonyesha beki mzuri. Ukirudisha picha unaona ni mpokeaji aliyetoa taarifa.

Dalili ya pili ni pale mwanzo, kwenye mstari, beki anapomwekea mikono kifuani. Kijana anajinasua kwa bega na kiganja. Mkongwe anasukumwa nusu hatua nje ya njia yake, na kwotabeki, yule mrusha mpira, anayehesabu sekunde anageukia kwingine. Kocha mwerevu akiiona hiyo anamhamishia mkongwe nafasi ya ndani, ambako ana nafasi zaidi ya kuondoka. Larry Fitzgerald wa Arizona alihamishiwa huko, na mwaka 2016, akiwa na miaka 33, akaongoza ligi nzima kwa mipira 107. Kwa hiyo kuzeeka si lazima kuwe kufukuzwa. Ila wa nje lazima apatikane mwingine.

Jerry Rice alicheza hadi baada ya miaka 40. Acheni dharau kwa wazee! – Mzee Mwenzake

Shikamoo mzee wangu. Sina dharau. Mwaka 2002 Rice alidaka mipira 92 kwa yadi 1,211 akiwa Oakland, mwaka aliotimiza miaka 40. Mfano wa mtu kama huyo unaweza kuusubiri maisha yako yote.

Lakini kumbuka San Francisco, timu yake ya kabla ya Oakland, hawakumsubiri achoke ndipo watafute. Walimchukua Terrell Owens raundi ya tatu mwaka 1996, wakacheza pamoja misimu mitano. Desemba 17, 2000, uwanja ulijaa watu waliokuja kumuaga Rice nyumbani, na siku hiyo Owens akadaka mipira 20 dhidi ya Chicago. Rice mwenyewe alikuwa uwanjani akicheza. Sijui hafla nyingine ya kuaga iliyomtangaza mrithi wazi kiasi kile.

Kocha, timu yangu ina chaguo la juu. Ichukue mwenye mbio kuliko wote? – Kasi Kwanza

Hapana. Oakland walimchukua Darrius Heyward-Bey wa 7 mwaka 2009 baada ya kukimbia yadi 40 kwa sekunde 4.30, wakamwacha Michael Crabtree akaenda wa 10. Cincinnati walimchukua John Ross wa 9 mwaka 2017 baada ya sekunde 4.22, iliyokuwa rekodi. Wote wawili hawakufikia bei yao.

Ukitaka darasa, tazama Green Bay. Greg Jennings 2006, Jordy Nelson 2008, Randall Cobb 2011, Davante Adams 2014. Wote raundi ya pili, na kila mmoja alifika wakati aliyemtangulia bado anacheza. Toka 2003 hadi 2024 hawakumgusa mpokeaji raundi ya kwanza hata mara moja. Mtoto wa raundi ya pili analipwa kwa kiwango kilichopangwa kwa miaka minne, wastani ambao mwaka 2025 haukufika hata dola milioni 3 kwa mwaka. Ja'Marr Chase mwaka 2025 alisaini kwa zaidi ya milioni 40 kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe.

Mnyororo ulikatika mara moja tu. Machi 2022 Adams alikwenda Raiders na hakukuwa na aliyekomaa nyuma yake. Septemba, katika shambulizi lao la kwanza kabisa dhidi ya Minnesota, Aaron Rodgers akamrushia mgeni Christian Watson mpira mrefu. Kijana alikuwa peke yake, beki kaachwa, mpira umemtua mikononi, ukaanguka. Tachidauni ya yadi 75 ikapotea. Novemba Watson huyo huyo aliifunga Dallas tachidauni tatu, lakini msimu ulikuwa umeshakwenda mrama: ushindi 8, vipigo 9. Mgeni anahitaji miezi ile ya kuangusha mipira. Mpe miezi hiyo wakati mkongwe bado yupo.

Kaka Kocha, tunagombana nyumbani. Drafti ya 2024 Chargers, hawana wapokeaji, walikuwa na chaguo la 5 wakamchukua Joe Alt, mlinzi wa kwotabeki. Mume wangu anasema ilikuwa aibu, wangemchukua mpokeaji Malik Nabers. Mimi nasema walifanya vyema. Anayeshindwa anaosha vyombo mwezi mzima. – Dada wa Sahani

Dada yangu, shemeji ana hoja, tusimwonee. Nabers alichukuliwa na Giants chaguo lililofuata, la 6, akadaka mipira 109 kwa yadi 1,204 msimu wa kwanza. Ni mpokeaji wa kweli. Giants hata hivyo walishinda mechi 3 kati ya 17. Chargers walishinda 11. Ukiniambia hiyo si kwa sababu ya Alt peke yake nitakubali.

Hoja yangu ni nyingine: baada ya chaguo la 5 nini kilibaki? Walinzi wakubwa wenye miguu myepesi kama Alt huisha mapema. Wapokeaji wanatoka vyuoni kwa makundi kila mwaka, na chaguo la 34 likawapa McConkey, aliyedaka mipira 9 kwa yadi 197 katika mechi ya mtoano dhidi ya Houston Texans. Walipata vyote viwili. Wangeanza na Nabers, kwenye la 34 wasingempata mlinzi wa aina ya Alt.

Shemeji atakukumbusha kwamba mwaka 2025 Alt aliumia. Nawe mkumbushe kwamba Nabers naye aliumia, tena katika mechi ile ile walipokutana.

Sahani aoshe shemeji. Sufuria, kwa kuwa hao Texans waliwachapa Chargers 32 kwa 12, mgawane.