Kaa na Bibi Akiwa Anasuka Ukili

Babu yangu mkubwa alifariki hapa Tanga nikiwa nimeshamwahidi mara tatu kwamba nitakuja nikae naye anihadithie ukoo wetu umetokea wapi. Mara ya mwisho nilimwambia tusubiri mfungo upite. Mfungo ukapita, nikaja kumzika. Tangu siku ile nilisema bibi yangu mzaa mama, ambaye sasa hana aliyemzidi umri katika ukoo, sitamwahidi kitu. Nitakwenda tu.

Nilikwenda kwake Ngamiani, na siku ya kwanza niliharibu. Nilitua simu mbele yake imrekodi, nikafungua daftari, nikauliza: "Bibi, ulizaliwa mwaka gani?" Akapapasa chini ya mto, akanipa kitambulisho. Kimeandikwa 1 Januari 1947. Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Nilimuuliza kama karani, naye akanijibu kama anavyowajibu makarani.

Jumamosi iliyofuata daftari nililiacha nyumbani. Nilimkuta barazani juu ya jamvi anasuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka; miyaa, yaani majani ya kusukia, imelowekwa kwenye beseni pembeni yake. "Karibu, mume wangu," akaniambia, ndivyo anavyoniita tangu mdogo. Nikakaa, nikaanza kumchania miyaa. Mikono yake haihitaji macho. Kila mwaa ukikaribia kuisha, analowesha kidole gumba, anachomeka mwingine chini yake, anaubana kwa ukucha, anaendelea. Na maneno yakaanza kumtoka kwa mwendo uleule, taratibu, bila kukatika.

Miaka haikumbuki kwa tarakimu, ila mambo anayakumbuka. Nikamuuliza, vita vya Hitla vilipokwisha alikuwa ameshaanza kuteka maji? Ndiyo, kwa mtungi mdogo, na ameuvunja mara mbili. Na uhuru je? "Nilikuwa na mimba ya mama yako mkubwa, wa tatu huyo." Vita viliisha 1945, uhuru ni Desemba 1961. Mtoto wa mtungi mdogo ana miaka sita au saba, kwa hiyo bibi amezaliwa 1938 au karibu na hapo. Tukifuata kitambulisho, mimba ya tatu ingemkuta na miaka 14! Nawe fanya hivyohivyo. Uliza nani alikuwa ameshazaliwa lilipotangazwa Azimio la Arusha, 1967, nani alikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ile njaa ya 1974, nani alikuwa tumboni wakati wa vita vya Kagera. Utashangaa ukoo unavyojipanga wenyewe.

Ukisikia neno usilolielewa, usilipite. Bibi alisema mjomba wangu wa kwanza alizaliwa "babu yako hajamaliza kipande". Nilidhani kipande cha shamba. Kumbe ilikuwa kadi ya kazi ya mkonge: kila siku uliyofanya kazi ilitiwa alama, zilipotimia siku 30 ndipo ulipolipwa. Ukiugua, siku hizo hazikuhesabiwa. Babu aliugua homa kadi ikiwa imebakisha siku nne, na sukari ya uji wa mzazi ikakopwa dukani. Nisingeuliza kipande ni nini, habari hiyo yote ingenipita.

Jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kubwa: mpeleke mjukuu akaulize. Bibi alipofika kwenye ndoa yake ya kwanza, mama alikuwa jikoni. Nilimwona ametoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni anasikiliza. Ana zaidi ya miaka 60 na hajawahi kuisikia. Mtoto hamuulizi mama yake mambo ya unyumba, heshima inamzuia. Mimi mume wake nina utani naye, nauliza na ananijibu. Kama una watoto wakubwa, wapeleke wao, wewe kaa jikoni.

Nenda asubuhi baada ya chai, akili ikiwa nyepesi. Majina yanajirudia, mjukuu hupewa la babu, kwa hiyo kila jina liandike na la baba yake na mji wake, huyu wa Pangani, yule wa Muheza. Picha ziandike nyuma kwa penseli. Makaburini nenda na mzee mwenyewe akuonyeshe, maana mengi yana jiwe tu.

Kuna siku aliniambia, "Hili, zima kwanza simu." Nikaizima. Alilonieleza sijaliandika popote, na mama hajaniuliza. Tafadhali, ukiambiwa hivyo zima kweli, na jambo likae kwako.

Jumamosi nakwenda tena. Ameniagiza miyaa, na amesema atanionyesha dada yake aliyeolewa Vanga ni yupi kwenye ile picha ya arusi.