Hela ya kufufua ardhi iliyochakaa iwekeni kwenye matunzo, miche baadaye

Mkuu umeuliza, mkipata mfadhili wa kurudisha miti na majani kwenye eneo lililochakaa hela muielekeze wapi ili wananchi waone faida mapema na siyo kusubiri msitu miaka ishirini. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kama chenu, mwaka wa saba huu, nakujibu kwa niliyoyaona.

Hela yetu ya kwanza karibu yote iliishia kwenye miche. Mfadhili alikuwa anataka idadi ya miche iliyopandwa basi, tukajaa watu tukapanda siku moja, picha zikapigwa, ripoti ikaenda, halafu hakuna bajeti ya maji wala ya mlinzi wa kuzuia mbuzi, kiangazi kilivyoisha ukipita kule ni vijiti vikavu tu. Iliniuma sana maana kuna kina mama waliacha mashamba yao kuja kuchimba yale mashimo.

Awamu ya pili tukakomaa mkataba ubadilike, malipo yaje kidogo kidogo kwa miaka mitatu na yahesabu miti iliyo hai. Na wala hatukupanda sana, tulifunga eneo mifugo isiingie, kwenye visiki vilivyo hai tukachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu mengine tukapogoa. Hiyo siyo akili yetu, nchini Niger wakulima wa mikoa ya Maradi na Zinder wanafanya hivyo toka miaka ya 80 na miti imerudi kwenye hekta kama milioni 5, gharama ndogo mno ukilinganisha na kitalu. Shinyanga nako mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulisimama juu ya ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho ya kiangazi, zikarudi hekta zaidi ya 300,000.

Faida inaanza na majani! Msimu wa kwanza tu baada ya kufunga nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, watu wanakata wanabeba wanalisha nyumbani, wengine wakauza, baadae zikaja kuni za kupogoa, halafu mizinga ya nyuki. Mbao iko mbali sana huko.

Kuhusu kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti yenu inafyonza, inawezekana, mradi wa kijamii wa Mikoko Pamoja pale Gazi Kenya ulioanza 2013 unauza kwa hekta 117 tu za mikoko na hela imeingia kwenye maji na shule za vijiji vyao. Ila kupima na kuhakikiwa kunakula hela, na mkataba unawafunga miaka mingi, msisaini bila mwanasheria kuusoma. Kama eneo lenu liko juu ya chanzo cha maji mimi ningeanza na wanaotumia maji huko chini, Nairobi wana mfuko wa maji toka 2015, watumiaji wa maji wa chini wanachangia na wakulima wa huko juu kwenye bonde la mto Tana wanasaidiwa kuweka matuta ili tope lisishuke mtoni.

Kitu kingine, mnapofunga eneo kuna mtu anapoteza malisho siku hiyo hiyo, mara nyingi ni yule mwenye mbuzi wachache asiye na shamba, na faida yeye haioni mpaka mvua zije. Huyo atengewe fungu kwenye bajeti. Na kabla hamjasaini chochote andikeni kwenye muhtasari wa mkutano nani atakata majani, lini, na hela itaingia akaunti gani. Sisi tuliandika baada ya ugomvi na kuna wafugaji wawili mpaka leo hawaji kikaoni.