Mbio Peke Yake? Hapana, Mwanangu

Mwanangu,

Sisi huku Kisumu hatujambo, joto tu. Umeuliza kama Pasaka hii mkija tuwaonyeshe watoto mbio za magari ya farasi peke yake, maana filamu ya Ben-Hur ni ya mwaka 1959, ina dakika 212, na hao hawatulii hata kwa katuni. Hapana. Niachie wajukuu wangu.

Ukiwapeleka moja kwa moja kwenye mbio wataona farasi na vumbi. Watajuaje kwamba Yuda Ben-Hur (si yule wa vipande thelathini, wasije wakachanganya) na Messala, ofisa wa Kirumi, walipendana tangu utotoni, wakashindana kurusha mikuki, yote ikachoma pale boriti zinapopishana? Halafu kuna kipande ambacho wewe hukikosa kila mwaka kwa kukimbilia jikoni. Kigae kimeanguka kutoka paa la nyumba ya Yuda, gavana ameumia, familia yake Yuda nzima imekamatwa. Messala anapanda juu ya paa, anagusa vigae, vinaporomoka vyenyewe. Sasa anajua ilikuwa ajali. Na bado anampeleka rafiki yake merikebuni akapige makasia! Filamu ilipata Oscar 11, lakini mimi huwa naketi kuungoja mkono ule juu ya kigae.

Mbio zenyewe hazina muziki, ni kwato, magurudumu na kelele za watu. Kijana wako atasema ni kompyuta. Mwambie uwanja ulijengwa kweli Cinecittà, Roma, na pale gari la Yuda linaporuka mabaki naye akarushwa mbele, haikupangwa. Aliyekuwa ndani ni Joe Canutt, akimwigizia Charlton Heston, mwigizaji wa Yuda. Alishikilia, akatoka na jeraha la kidevu tu. Mwongozaji, William Wyler, hakuikata.

Mwanzoni muziki hupigwa dakika kadhaa huku picha moja imesimama, ule mchoro wa Michelangelo wa vidole vinavyotaka kugusana. Msinyang'anyane rimoti mkidhani imekwama. Katikati pana mapumziko, hapo mama yako atatoa chai na mandazi, na mwenye usingizi aende akalale, hatumlazimishi mtu.

Tutaanza Jumamosi saa nane mchana ili tumalize kabla ya chakula cha jioni. Stima ya huku haina adabu siku hizi, kwa hiyo uje na laputopu yako ikiwa imejaa chaji.

Baba yako