Mnaoanza kuchora umeme wa meli, njooni hapa kidogo

Jana dogo mmoja kanitumia mchoro wa swichibodi, lile kabati la kugawia umeme, kwa WhatsApp, faili linaitwa "swichibodi ya mwisho mpya kabisa 3". Namuuliza ya 2 iko wapi, anasema iko kwa mafundi, wanavutia kebo. Nilikunywa maji kwanza ndo nikamjibu. Nawapenda sana nyie madogo ila mtatuua kwa presha.

1. Rivisheni, yaani toleo la ngapi, inaandikwa ndani ya mchoro, kwenye kile kiboksi cha chini kulia, pamoja na tarehe na kilichobadilika. Ya zamani nenda kaichukue kwa mikono yako huko melini, usiseme "nilishatuma kwenye grupu".

2. Kifaa kina jina moja. Pampu ikiwa P03 kwenye swichibodi basi ni P03 kwenye stata (kile kiboksi cha kuwashia mota), kwenye listi ya kebo na kwenye kibao kilichogongwa mlangoni. IEC 81346, standadi ya kimataifa ya kuvipa vifaa majina, ipo kwa kazi hiyo, isomeni.

3. Mchoro na listi ya kebo vitoke sehemu moja. Hapa nakaa kidogo maana hii iliniumbua. Tulikuwa tunajenga boti huko Kigamboni, watu wa mabomba wakachukua ile nafasi ya stata ya pampu ya moto, nikaambiwa ihamie upande wa pili, mi nikahamisha kwenye leiauti fasta, nikajisifia kabisa. Listi ya kebo ilikuwa kwenye Excel, imeandikwa kwa mkono, na sikuigusa, nilisema nitaimalizia nikirudi lanchi. Weee. Stoo wakakata kebo kwa urefu wa zamani, vijana wakaivuta, wakaipitisha kwenye bulkhedi (kuta za ndani ya boti) mbili, wakaifunga kwenye trei vizuri kabisa, na ncha ikaja kuning'inia hewani, stata iko kuleee. Na hii sio nyumba ya Mbagala useme utaunga, surveya, mkaguzi wa meli, akikuta jointi katikati ya kebo ya pampu ya moto utamweleza nini? Kariakoo nako kebo ya meli huipati hivi hivi, ikabidi iagizwe nje na kazi ikasimama. Foremeni wetu, mzee wa Tanga, hata hakufoka, alinitazama tu akasema "mwanangu, kwani wewe na hiyo kompyuta mmenuniana?" Jioni kwenye pantoni nilikaa mbali na kila mtu. Ndo maana nawakazania programu za umeme zenyewe: mle mstari sio picha, ni kebo yenye namba, saizi, inakotoka na inakokwenda, ukihamisha stata listi inabadilika yenyewe, ukibaki na urefu tu wa kuuhakiki.

4. Usinakili mchoro wa jengo. Kwenye meli nyingi nyutro ya jenereta haiungwi na chuma cha bodi ya meli, kwa hiyo erthi folti ya kwanza, yaani waya kugusa chuma hicho, haiangushi breka, inapiga alamu tu, halafu kuna mtu usiku wa manane anafungua breka moja moja kuitafuta akifuata mchoro WAKO. Ukiwa umeandika "speya" kwenye breka inayolisha feni ya injini, atakutukana na utastahili. Umeme wa dharura ndo usiseme: kwa meli ya abiria SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, inataka jenereta ya dharura ibebe mzigo ndani ya sekunde 45 na ihudumie saa 36, na swichibodi yake ikae juu ya deki, sio kule chini kwenye injini. Najua kuna mjuaji ataniambia manowari haziko chini ya SOLAS, sawa kaka, ila maji yakiingia hayaulizi sare.

5. Fundi akija na karatasi ina grisi na kalamu nyekundu mpokee vizuri, ikibidi mpe na soda, maana yako ndo meli ilivyotakiwa kuwa na yake ndo ilivyo. Ingiza mabadiliko siku hiyohiyo akiwa amekaa pembeni yako. Kuna mmoja aliwahi kutuandikia "hapa nimepitisha kule" kisha akaenda likizo Songea.