Kumpata Fritz Pollard kwenye rekodi za 1920

Habari mkuu. Umesema unapekua rekodi za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, za 1920 na mchezaji Fritz Pollard haonekani, wakati kila mahali wanamwita bingwa wa mwaka huo. Anza na jina la ligi. Wakati ule iliitwa APFA (American Professional Football Association), jina la NFL lilikuja 1922. Tafuta APFA, halafu timu yake, Akron Pros: ushindi 8, sare 3, hawakupoteza mechi. Yumo humo.

Mwaka 1921 alikuwa anacheza huku anafundisha, kocha mkuu wa kwanza mweusi kwenye ligi hiyo. Kuanzia hapo usimfuate kwa timu moja, jamaa alihamahama: Milwaukee Badgers 1922, kisha Hammond, Providence, akarudi Akron hadi 1926. Ukikuta pengo, chungulia Gilberton kule Pennsylvania, timu ya mji wa makaa ya mawe iliyokuwa nje ya ligi.

Yadi alizokimbia usijichoshe nazo. Ligi ilianza kuweka takwimu rasmi 1932, kwa hiyo namba kamili ukiziona mtandaoni, muulize aliyeziweka kazitoa wapi. Magazeti ya Akron ya enzi hizo yatakufaa zaidi.